Jumamosi tatu za mafunzo ya kutambua ukatili wa nyumbani, Mbagala: tathmini ya mshiriki

Kwa Jumamosi tatu mfululizo nimehudhuria mafunzo ya kutambua aina za ukatili wa nyumbani, yanayotolewa na kikundi cha wasaidizi wa kisheria huku Mbagala, Dar es Salaam. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kama inafaa kufunga genge au kuacha nguo kwenye beseni ili akakae saa nne kwenye kiti cha plastiki, asikilize mambo ambayo pengine anadhani anayajua. Inafaa, tena sana, ingawa yapo mambo ambayo kikundi hiki kinapaswa kuyarekebisha, na moja kati ya hayo ni la hatari.

Sitataja jina la kikundi wala la ukumbi. Mratibu aliniomba hivyo, kwa sababu iliwahi kutokea mume akafika mlangoni kumsaka mkewe katikati ya kipindi, na tangu siku hiyo hawabandiki matangazo ukutani. Anayetaka kuwapata, au kupata wengine wa namna hiyo, amuulize afisa maendeleo ya jamii au afisa ustawi wa jamii wa kata yake, kwa kuwa wasaidizi wa kisheria wametambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Sisi tulichangia shilingi 5,000 kwa siku zote tatu, fedha iliyogharamia chai, maandazi na kijitabu.

Mimi ni katibu wa kikoba chenye wanachama 28, na katibu huona mengi kwa kufungua daftari tu. Humwona mwanachama aliyekuwa akinunua hisa tano kila wiki akishuka hadi moja, kisha akaanza kutuma hela kwa mkono wa mtoto bila kufika mwenyewe, kisha akakopa, na siku ya marejesho akaja na macho mekundu akisema hela imeibiwa. Kwa miaka mingi niliyaita hayo uzembe. Nilikwenda kwenye mafunzo nikiwa na nia ya kujifunza namna ya kuwashauri wanachama, na nilimwomba dada yangu mkubwa anisindikize kwa sababu yeye, kwa hesabu zangu, ndiye mwenye ndoa tulivu kuliko sote katika familia yetu. Shemeji hajawahi kumwinulia mkono.

Wawezeshaji ni watatu: kijana aliyesomea sheria, mama aliyestaafu unesi, na bibi mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa kungwi anayefunda mabinti kabla ya harusi. Bibi huyo ndiye aliyefungua siku ya kwanza. Hakuanza na tafsiri ya ukatili wala na ajenda. Alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema: "Wanangu, mimi nilikuwa nawaambia mabinti, mume akikupiga usitoke nje mpaka uvimbe uishe, na ukiulizwa sema umeanguka bafuni. Wapo humu ndani niliowaambia hivyo." Ukumbi ulikuwa kimya. Kisha mama mmoja wa safu ya nyuma akajibu kwa sauti ndogo, "Nipo, bibi." Nimehudhuria semina nyingi katika jiji hili, za mikopo, za lishe na za uchaguzi, na sijawahi kuona mwezeshaji akiaminiwa na ukumbi wake ndani ya dakika tatu kama yule bibi alivyoaminiwa.

Zoezi lililofuata ndilo ninaloliona kuwa kiini cha mafunzo yote. Kila mmoja alipewa karatasi yenye safu nne na mbegu 20 za ubuyu. Juu ya safu ya kwanza pameandikwa "Niliamua mwenyewe", ya pili "Tuliamua pamoja", ya tatu "Niliamuliwa", na ya nne "Niliogopa kuuliza". Mama nesi alisoma maswali 20 ya maisha ya kawaida kabisa, na kwa kila swali unaweka mbegu moja mahali panapokuhusu. Nani aliamua mle nini jana? Mara ya mwisho ulipokwenda kwenu, nani alipanga siku ya kurudi? Kadi yako ya benki iko wapi sasa hivi? Ukiumwa usiku, ni lazima ruhusa itoke kwa nani kabla hujakwenda hospitali? Hakuna anayechungulia karatasi ya mwenzake, na mwishoni kila mtu hurudisha mbegu zake kwenye kifuko, hivyo hakuna ushahidi wowote unaotoka nao nje. Katika maswali yote 20 hakuna hata moja lililotaja kipigo.

Kwa kuwa tulibanana, niliiona karatasi ya dada yangu bila kukusudia. Mbegu 13 zilikuwa kwenye safu ya nne. Aliziangalia kwa muda mrefu, halafu akaanza kuzipanga kwa kidole ziwe mstari ulionyooka, kama mtu anayepanga vitunguu vya kuuza.

Ninaeleza zoezi hili kwa kirefu kwa sababu linafundisha jambo ambalo maelezo matupu hayawezi kulifikisha: ukatili wa nyumbani si tukio, ni utaratibu. Mtu anaweza kuishi ndani yake kwa miaka bila kupigwa hata kofi moja, kwa kuwa hofu inafanya kazi ambayo ngumi ingeifanya. Kijana wa sheria aliongeza kwamba Uingereza na Wales, tangu Desemba 2015, tabia ya kumdhibiti na kumtisha mwenza mara kwa mara imekuwa kosa la jinai hata pasipo kipigo, wakati kwetu Tanzania Bara hakuna sheria moja mahsusi ya ukatili wa nyumbani, na mtu hulazimika kuokota vipande kutoka Sheria ya Ndoa, Kanuni ya Adhabu na sheria nyingine.

Takwimu zilitolewa chache na kwa namna nzuri. Mwezeshaji aliwasimamisha wanawake kumi, kisha akawaomba sita wakae. Wanne waliobaki wamesimama waliwakilisha matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, ulioonyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake walikubali kuwa ipo angalau sababu moja inayomhalalishia mume kumpiga mkewe, kiwango kikubwa kuliko cha wanaume, ambao walikuwa asilimia 40. Bibi alisikiliza namba hiyo akiwa ameinamisha kichwa. Aliposimama tena alisema tu kwamba wanawake hao hawakuzaliwa na fikra hiyo. Kuna watu waliowafundisha.

Sehemu ya ukatili wa kimwili ilipita haraka, na sioni ubaya, kwa sababu ndiyo inayojulikana. Jambo moja jipya kwangu lilikuwa juu ya kukabwa koo. Mama nesi alieleza kwamba mtu aliyekabwa anaweza asiwe na alama yoyote shingoni na bado akawa ameumia ndani, hivyo ni lazima aende hospitali hata kama anajiona mzima, na kwamba mwenza aliyefikia hatua ya kukaba ni wa kuogopwa kuliko wengine, maana tendo hilo ni moja ya dalili kubwa kwamba huko mbele anaweza kuua.

Baada ya hapo ukabandikwa mchoro wa gurudumu la nguvu na udhibiti, uliochorwa Duluth, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwaka 1984, kutokana na mazungumzo na wanawake waliopitia ukatili. Katikati kuna nguvu na udhibiti, na spoku zake ni vitisho, kutiana woga, kudhalilishwa, kutengwa na watu, kulaumiwa, kutumia watoto kama fimbo, ubwana wa mwanamume, na kubanwa kiuchumi; ukatili wa kimwili na wa kingono ndio tairi linalozishika spoku zote pamoja. Mchoro unaeleweka vizuri na akina mama waliuelewa, lakini ulitafsiriwa bila kuhamishiwa nyumba zetu. Gurudumu lile linawaona watu wawili tu. Halina mama mkwe anayeshika ufunguo wa stoo, halina mawifi wanaoingia chumbani kukagua, wala shemeji anayetumwa kumfuata mke aliyekwenda kwao na kumrudisha usiku. Katika nyumba za kupanga na za familia zilizojaa jiji hili, udhibiti hufanywa na mikono mingi. Washiriki watatu walilisema hilo kwa nyakati tofauti, na kila mara walijibiwa kwamba wakwe ni "suala la mila" litakalozungumzwa baadaye. Halikuzungumzwa.

Jumamosi ya pili ilihusu ukatili wa kiuchumi, na hapa kikundi kinastahili sifa zote. Kijana wa sheria aliigawa mada katika hali tunazozijua: mume anayeacha shilingi 3,000 ya mezani kwa watu sita kisha akadai chenji, mke anayeuza vitumbua tangu alfajiri na jioni mfuko wa mauzo ukahesabiwa mbele ya mume, mke anayelazimishwa kuchukua mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa, kwa jina lake ili fedha itumiwe na mwingine, naye ndiye anayebaki kufuatwa na wadai, laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mume, ambayo siku ya ugomvi hufungwa na salio lote likabaki humo. Hapo nilikumbuka daftari langu la kikoba, ukurasa kwa ukurasa.

Sheria ilielezwa kwa lugha ya watu. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, jambo ambalo wengi wetu hatukulijua ingawa lina zaidi ya miaka 50. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 63 kinampa mume wajibu wa kumtunza mke. Ndipo ikasimuliwa kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambapo Mahakama ya Rufani, mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mama mmoja anayeuza mihogo aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena mwaka, akauandika kiganjani kwa kalamu.

Dada yangu ni mwalimu. Mshahara wake unaingia benki kila mwezi, na kadi anayo shemeji tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, "kwa usalama". Akitaka nauli anaomba. Akitaka kumtumia mama yetu hela ya dawa anaandika kwenye karatasi kiasi na sababu. Mwaka mmoja aliwahi kuniambia kwamba amechoka, nami nikamjibu, kwa sauti ya mtu mwenye hekima, kwamba wenzake wanapigwa, yeye anatunziwa hela, na nyumba ni stara. Hakuniambia tena chochote kwa miaka minane. Wakati wa chai ya Jumamosi ile nilimwomba radhi, tukiwa tumesimama karibu na ndoo ya maji. Alisema, "Hata mimi nilikuwa najiambia hivyohivyo, mdogo wangu."

Kipindi cha simu kilikuwa kifupi lakini cha maana. Tulionyeshwa jinsi ya kuangalia katika WhatsApp kama kuna kifaa kingine kilichounganishwa na namba yako, na washiriki wawili walikuta kifaa wasichokijua hapohapo ukumbini. Ninampongeza mwezeshaji kwa kuwazuia wasikiondoe papo kwa papo, kwa sababu anayekuchungulia atajua mara moja kwamba umemgundua, na ni bora kwanza kujipanga. Ushauri wa namna hiyo hutolewa na mtu aliyewahi kukaa na wahanga wenyewe.

Udhaifu ulijitokeza kwenye ukatili wa kingono. Kijana wa sheria alipofika hapo alianza kuzungumza haraka na kutazama karatasi zake. Ukweli aliopaswa kuusema waziwazi ni kwamba kwa sheria yetu, baada ya mabadiliko yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mume hushtakiwa kwa kumbaka mkewe iwapo tu wametengana. Mwanamke mmoja aliuliza moja kwa moja: "Kwa hiyo kama tunalala chumba kimoja, si ukatili?" Alijibiwa kwamba tusonge mbele, muda umekwisha. Mama nesi ndiye aliyeokoa kipindi. Alisimama bila kuitwa na kusema kwamba kulazimishwa ni ukatili, sheria iwe imeliita jina hilo au haijaliita, na kwamba aliyelazimishwa afike hospitali ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, na ndani ya siku tano kwa ajili ya kuzuia mimba, akikumbuka kwamba kadiri anavyowahi ndivyo dawa zinavyofanya kazi vizuri. Ushauri huo ungepaswa kuwa ndani ya mafunzo yenyewe, usitegemee ujasiri wa mtu mmoja.

Wanaume walikuwa wawili. Mmoja, dereva wa bajaji, alieleza kwa shida kwamba mkewe humchoma kwa maji ya moto na kumtukana mbele ya watoto, na kwamba alipokwenda kueleza kwa wakubwa wa mtaa walimcheka. Ukumbi haukumcheka. Hata hivyo mifano yote ya kijitabu ina mume mkatili na mke mhanga, na ingawa ndiyo sura ya kesi nyingi, ukurasa mmoja tu ungetosha kumwonyesha mtu kama yule kwamba naye ameonekana. Vilevile hakuna aliyewataja wasichana wa kazi, ambao hulala jikoni katika nyumba hizihizi, hunyimwa mishahara na hupigwa, wakati mwingine na mama mwenye nyumba ambaye naye anapigwa.

Sasa nije kwenye jambo nililoliita la hatari. Kijitabu chenyewe kina maelezo mazuri, lakini ni kikubwa kama gazeti, kina jalada jekundu, picha ya mwanamke mwenye jicho lililovimba, na maandishi makubwa ya neno UKATILI yanayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Tulikuwa washiriki 32. Siku ya pili, nilipobaki kusaidia kupanga viti, nilihesabu vijitabu 11 vilivyoachwa: vingine chini ya viti, vitatu nyuma ya pipa la maji chooni. Nilimwona dada mmoja akikikunja chake ndani ya khanga, akatembea hadi getini, akasimama, akarudi kukiweka kwenye kiti. Mtu ambaye mkoba wake hukaguliwa kila jioni hawezi kuingia nyumbani na kitu kama kile. Tena picha ya jicho lililovimba inabomoa somo lote la mbegu za ubuyu, kwa kuwa inamwambia asiye na uvimbe kwamba kijitabu hakimhusu. Ningekuwa nacho miaka minane iliyopita, kingenithibitishia kwamba dada yangu hana tatizo.

Upungufu mwingine ni kwamba suala la nini kifanyike baada ya kutambua lilipewa dakika 20 za mwisho, watu wakiwa wameshashika mikoba. Yalitajwa yanayostahili kutajwa: Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, fomu ya PF3 ambayo polisi humpa aliyeumizwa aende nayo hospitali, namba 116 ya bure kwa masuala ya watoto, vituo vya mkono kwa mkono vilivyomo ndani ya baadhi ya hospitali, ambako mhanga hupata matibabu, polisi na ushauri mahali pamoja, na Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kinachoshughulikia mambo ya familia. Lakini kipindi ambacho mwanamke anaondoka au ametoka tu kuondoka ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote, na hilo lilisemwa kwa sentensi moja. Alihitaji kuelekezwa aweke wapi nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, amwambie jirani yupi, awe na nauli ya wapi, aondoke saa ngapi. Ningeongeza Jumamosi ya nne kwa ajili hiyo peke yake, na ningeilipia.

Kwa hiyo nendeni, hasa makatibu na wenyeviti wa vikoba, makungwi na masomo wanaofunda mabinti, na walimu. Nendeni siku ya kwanza hata kama hamtaweza siku nyingine. Msichukue kijitabu kama hamna mahali salama pa kukiweka.

Nimewaandikia barua wawezeshaji kuhusu jalada. Mratibu alinijibu baada ya siku nne kwamba wamekubali kukichapa upya kwa ukubwa wa daftari la hisa, jalada la bluu lisilo na picha, na juu yake maneno "Kumbukumbu za Kikoba", ila hawana fedha ya kuchapa kabla ya mzunguko ujao. Jumatano iliyopita niliwasomea wanachama barua hiyo, nao wakapitisha shilingi 60,000 kutoka mfuko wa jamii kwa ajili ya nakala za kwanza. Dada yangu, ambaye si mwanachama, alituma shilingi 5,000 kwa simu. Ilikuja kwa namba nisiyoijua, na ilinichukua muda kuelewa kwamba amesajili laini yake mwenyewe.